Sikio la Benard

Fereej Bin Mahmoud, Doha
12 Januari 2025

Mdogo wangu Benard,

Salamu zikufikie wewe na Ann, na watoto popote walipo, na yeyote hapo Nakuru ambaye bado huuliza habari zangu. Sisi huku tuko salama. Hoteli ya West Bay imempandisha Pamela cheo. Sasa anasimamia wasafishaji wa orofa kumi na mbili, na binti yangu huyu siku hizi hata usingizini anahesabu mashuka kwa Kiingereza. Baridi imeingia kiasi cha kufungua madirisha. Ninavaa ile sweta uliyoniazima tulipomzika mama, ambayo sikuirudisha na sitairudisha.

Moyo wangu umechoka. Ikifika jioni miguu hujaa maji hadi viatu vinakataa. Daktari wangu ni Mmisri mpole, na juzi aliniambia kwamba sasa hatuhesabu miaka tena. Usimwambie Ann kwa namna ya kumtisha.

Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatujawahi kuvuka habari za mvua na mahindi. Barua anakuletea Collins, kijana wa huko kwenu Bahati, askari wa mlangoni katika jengo moja la West Bay, ambaye amepata likizo ya mwezi. Unajua desturi yetu ya huku: anayekwenda nyumbani, nusu ya begi lake ni la watu. Amebeba pia mafuta ya magoti ya Ann.

Ijumaa iliyopita Pamela alinipeleka hotelini kwao kwa kiti cha magurudumu. Wafanyakazi waliruhusiwa kumleta mzazi mmoja kwa chakula cha mchana. Palikuwa na bendi ya Wafilipino, wamevaa nywele za bandia hadi mabegani, suruali za kubana na wanja, wakipiga roki ya metali ya ujana wetu. Mpiga gitaa alikuwa mwanamke mwembamba kama ufito. Pale wimbo unapoliachia gitaa nafasi alipanda juu ya spika, akaivuta sauti moja, akaishikilia, na mimi wali wangu ukapoa. Pamela alidhani moyo umesimama. Nilimwambia ni pilipili.

Nilituona sisi, Benard. Bendi yetu, Hariri ya Chuma, mwaka wa themanini na nane, wewe na gitaa lako jeupe, mimi kwenye maikrofoni, nywele zetu zimenyooshwa kwa kitana cha moto cha mama. Unakumbuka alivyotukuta mbele ya kioo chake tunapakana wanja? Aliuliza tu ni nani kati yetu anaolewa kwanza, ili amwambie baba mapema.

Gitaa lile bado unalo? Ningependa kujua.

Mimi kaka yako,
Silvesta


Nakuru, 23 Februari 2025

Kaka Silvesta,

Barua imefika, na mafuta. Ann amepaka siku tatu na anasema goti moja limesikia, jingine bado linafikiria. Collins alikaa nasi mchana mzima. Anasema umekonda lakini mdomo wako uko vilevile.

Sisi hatujambo. Mota ya kinu iliungua mwezi uliopita, watu wakabeba mahindi yao hadi kwa jirani, wiki mbili nikakaa mlangoni bila kazi. Sasa kinasaga. Mjukuu wangu Shaun ameanza shule. Mwalimu wake anasema hajui kunyamaza, nami nimemjibu kwamba hiyo ni damu ya babu yake wa Doha.

Umeuliza gitaa. Nililitoa mwaka wa tisini na tatu kwa shule moja ya Gilgil, wanafunzi wajifunzie. Sijui liko wapi. Mambo ya bendi tuyaache, Kaka. Nakuomba.

Umeandika kwamba hamhesabu miaka tena. Mnahesabu nini? Nijibu hilo.

Ndugu yako,
Benard


Doha, 4 Aprili 2025

Mdogo wangu Benard,

Nafurahi mota imepona. Nafurahi pia kwamba goti moja limesikia. Mfungo umekwisha huku na sikukuu imepita. Hidaya, jirani yetu kutoka Tanga, alituletea sinia ya biriani ambayo Pamela ameigawa kwenye vikopo kama dawa. Wagonjwa wa moyo hawaruhusiwi chumvi. Nimekula ya kwangu wakati yuko kazini, na nakuomba usilitaje hilo ukimpigia.

Umeuliza tunahesabu nini. Miezi. Daktari hakuitaja idadi, nami sikumbana aitaje. Nimeishi mji huu miaka thelathini na mitatu, nimeimba katika hoteli tatu, nikawa karani wa stoo, nikawa baba wa kulelewa na binti. Sina kinyongo na kipimo changu.

Najua umeniomba tuyaache ya bendi. Nimeshika ombi lako wiki nzima na sasa nalivunja. Univumilie.

Wewe siku zote umeamini kwamba ni yule msambazaji wa kanda wa Nairobi aliyetuua. Alituambia kanda ya kwanza imekaa dukani kama sabuni ya nguo kwenye duka la dawa. Alitaka kinanda, ngoma za mashine, maneno ya mapenzi, na lile gitaa lako la dakika mbili liondoke, kwa sababu, alisema, hakuna bibi harusi anayeweza kulichezea. Alisema hayo yote kweli. Ila mimi nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, nilikuwa nimeacha ualimu kwa ajili ya muziki, na nilikuwa nimechoka kuvaa ngozi inayobana mbele ya watu kumi na wanane.

Na nikuambie ukweli, siujutii muziki ule mlaini. Watu walioana kwa muziki huo. Wapo waliozaa watoto wakawapa majina ya nyimbo zangu. Mtu akitengeneza kiti ambacho wengi wanaweza kukikalia hajafanya dhambi. Nimeyafikiria haya sana hapa dirishani, nikiwatazama mafundi wa jengo la mbele wakibadilisha vioo, na bado nasema kulainisha hakukuwa kosa.

Kosa ni jingine. Mkono umechoka. Nitaandika tena.

Silvesta


Nakuru, 18 Mei 2025

Kaka Silvesta,

Habari za siku nyingi. Mvua imekuja vizuri na sasa imezidi, njia ya kinuni ni matope matupu. Ann anakusalimu na anasema ule bila chumvi, yeye hajaambiwa na mtu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Uliyoandika juu ya msambazaji nilikuwa nayajua. Nilikuwepo chumbani, Kaka. Niliona ulivyoitikia kwa kichwa. Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu leo. Bendi ilikuwa yako kuliko yangu.

Nakujua tangu utotoni. Ukianza maelezo marefu, kuna kikombe kimevunjika mahali na wewe umesimama mbele yake. Lakini kama unaogopa kwamba nilikuchukia kwa kuniacha, nataka nikutoe wasiwasi huo kabla hujaondoka, maana sijawahi kukuambia.

Siku ile studio uliniambia kwamba sikio langu limekufa. Iliniuma, lakini ulikuwa ukweli na wewe peke yako ulithubutu kuusema. Wengine wangeniachia nijiaibishe jukwaani hadi watu wanizomee. Mwaka mzima kabla ya hapo masikio yalikuwa yakilia kila tukishuka jukwaani, nami nilikuwa nimemficha kila mtu. Niliondoka nikatafuta kazi isiyohitaji sikio, nikaipata. Kinu kinanguruma kutwa, hakuna anayeniuliza kama kinanguruma sawasawa.

Kwa hiyo asante. Nimekaa na asante hiyo miaka mingi. Sasa umeipata, pumzika.

Benard


Doha, 15 Juni 2025

Mdogo wangu Benard,

Salamu kwako na kwa Ann. Pamela yupo kazini, joto la nje ni la kupasua mawe, kiyoyozi kinafanya kazi yake. Habari za nyumbani ni hizo. Leo sina nyingine.

Asante yako nimeisoma nikiwa nimeketi kitandani na nusura niitapike. Nakurudishia. Siyo yangu.

Sikio lako halikufa. Gitaa lako siku ile halikukosea hata mara moja. Nakuandikia jinsi ilivyokuwa, kwa utaratibu, ili usibaki na mahali pa kujilaumu.

Ijumaa ulirekodi gitaa, ukapanda gari ukarudi Nakuru. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kuimba. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupasuka kule juu. Nawe ulikuwa na siri yako ya masikio, mimi nilikuwa na hii ya koo. Nilijaribu mara saba, ikapasuka mara saba. Nikamwomba fundi apunguze mwendo wa mashine kidogo. Ukiupunguza mwendo wa utepe, kila kilichomo kinashuka sauti, na mimi ningeweza kufika. Akapunguza.

Kisha akaja Ronnie na kinanda chake. Kinanda hakishuki kwa sababu mashine imepunguzwa mwendo. Kinabaki pale kilipotengenezwa. Ronnie akashuka noti moja ili kuukaribia utepe, akapiga, nami nikaimba nikikifuata kinanda. Tulipomaliza, kinanda na mimi tulikuwa pamoja, na gitaa lako lilikuwa chini yetu, si kwa kiasi cha hatua nzima, kwa kiasi kile kinachochachua. Lilisikika kama mtu aliyelewa kwenye mkutano wa watu wazima. Fundi akacheka, akasema hilo ni la kurekebisha kwa dakika tano, kuna kitufe cha kulinganisha sauti nyuma ya kinanda, tukizungushe turudie.

Hadi hapo halikuwa kusudi. Naapa halikuwa kusudi.

Nikamwambia aliache hivyo hadi Jumatatu.

Nilikuwa nimeliona jambo. Msambazaji alitaka gitaa litoke, na wewe usingekubali. Ungesimama, ungebishana, pengine mpiga ngoma wetu angekufuata wewe, na wakala wa hoteli za Ghuba, ambaye alikuwa ameahidi kuja kusikiliza, angekuta bendi vipande viwili. Mimi singeweza kukushinda kwa hoja. Ulikuwa na haki, na gitaa lile ndilo lililokuwa bendi. Nilijua hivyo kila jioni tulipopiga, watu walipokuwa wakikutazama wewe mimi nikiwa mbele yako.

Jumatatu ukaja. Tukakuwekea. Ulisikiliza hadi mwisho umeinamisha kichwa. Halafu ukaniuliza, na maneno yako nimeyasikia kila siku niliyoamka katika mji huu:

"Kaka, ni mimi?"

Fundi alinitazama. Ningeweza kusema ni mashine. Ni maneno mawili tu. Nikasema:

"Ni wewe. Sikio limekufa, Benard. Ni zile kelele."

Ulilifunga gitaa kwenye mfuko wake na zipu ikakwama katikati, ukaliacha hivyo, ukatoka. Fundi hakuniaga siku ile wala baadaye. Kanda ilitoka bila wewe, ikauzwa, wakala akaja, na mwaka uliofuata nilikuwa Doha na fulana ya hariri.

Ningekuambia mwaka uliofuata. Ningekuambia kwenye mazishi ya mama, tulipokaa wawili kwenye ngazi ya nyuma na wewe ukanivisha sweta. Nilifungua mdomo, ukadhani ni baridi.

Sikuombi msamaha, maana ombi la mtu anayekufa ni kama kumshika mtu kola, hawezi kuondoka. Nataka ujue tu kwamba masikio yaliyokuwa yakilia yalikuwa yamechoka, kama ya wote waliosimama karibu na spika zile. Mengine yote nilikuambia mimi.

Collins hana likizo hadi mwaka ujao. Anayekuletea hii ni Melissa, wa jikoni hotelini kwa akina Pamela. Amebeba barua tu. Nimemwambia asibebe kingine chochote kutoka kwangu.

Silvesta


Doha, 10 Agosti 2025

Mdogo wangu Benard,

Melissa alirudi wiki tatu zilizopita. Anasema alikukuta kinuni, ukaisoma barua umesimama, ukazima kinu, akina mama waliopanga madebe yao wakakuuliza kama stima imepotea. Anasema ulimpa chai na ukamuuliza habari za safari, na ulipomsindikiza hadi barabarani hukusema neno kunihusu, wala hukumpa barua.

Nilikuwa hospitali siku tisa. Nimerudi. Pamela anaandika anwani kwenye bahasha kwa kuwa mwandiko wangu umekuwa wa kuku. Hajui kilichomo, na hajaniuliza, ila jana alikaa pembeni ya kitanda akasema, baba, uncle Benard amepigiwa simu mara nne na hapokei. Nikamwambia ana sababu. Akanijibu kwamba hata mimi huwa nina sababu, tena nyingi.

Kama jibu lako ni kunyamaza, nimelipata, na ni la haki.

Silvesta


Nakuru, 28 Septemba 2025

Kaka Silvesta,

Tuko wazima. Ann ni mzima. Shaun amevunja jino la mbele na anajivunia.

Nimeandika barua tatu kabla ya hii. Ya kwanza nilichoma, maana ningeona haya mtu aisome hata ukiwa kaburini. Ya pili ilikuwa fupi na mbaya zaidi. Ya tatu ilikuwa ya kukusamehe, na nilipoisoma nikaona ni uongo mtupu, nikaichoma nayo. Uongo tumekuwa nao wa kutosha.

Unasema hutaki msamaha. Vizuri, kwa sababu leo sina. Labda nitakuwa nao, labda utakuwa umeshakwenda. Hilo siwezi kulipanga kwa ajili ya moyo wako, na nimekasirika kwamba umeniachia saa chache hivi. Nyimbo zako zimechezwa kwenye harusi za watu miaka thelathini huku unajua.

Nikuambie ulichochukua, maana unafikiri ni gitaa. Gitaa ni mbao. Nimelea watoto watatu bila kuwaimbia. Wakilia usiku niliwabeba na kuwatembeza tu, kimya, kama askari. Siku za kuzaliwa wao huimba, mimi napiga makofi, na hata makofi nayapiga nikiwa nimemwangalia Ann mikono, nisije nikaenda vibaya. Kanisani nimesimama miaka hii yote na kitabu cha nyimbo wazi na mdomo umefungwa. Mchungaji aliyepita alinishauri niombee kiburi changu. Ann hakuniuliza. Aliolewa na mtu asiyeimba, akachukulia kwamba ndivyo nilivyozaliwa, kama vile wengine hawali samaki.

Barua yako sikumwonyesha. Bado. Nitamwonyesha, na hapo ujue kwamba mafuta ya magoti hayatakusaidia.

Sasa nikueleze ya leo, halafu nifunge, Melissa ameniombea nafasi ya bahasha moja kwa mwenzake anayerudi Doha kesho.

Leo ni Jumapili. Tulikwenda kanisani mimi na Ann, tukakaa mahali petu, safu ya nne upande wa dirisha. Wimbo wa pili ni ule ambao mama alikuwa akiuimba akipepeta maharagwe. Ann akafungua kitabu. Ubeti wa kwanza nikanyamaza kama kawaida. Ubeti wa pili nikafungua mdomo.

Sauti ilitoka ndogo, ya kukwaruza, kama mlango wa stoo. Nikasimama hapo nikisubiri watu wageuke. Mzee wa mbele hakugeuka. Mtoto mmoja alinitazama, akaendelea kunyonya kidole. Nikaendelea. Nikawa nasikiliza kinanda cha kanisa, kisha nasikiliza mimi, kisha kinanda, neno kwa neno, kama mtu anayevuka daraja akikanyaga kila ubao kwanza. Ubeti wa tatu Ann akaacha kuimba. Akageuka akanitazama mdomo, akanitazama kama anayekuta mgeni amevaa nguo za mumewe. Akasema polepole, Babu Shaun mwenyewe, ni wewe?

Nikamwambia ni mimi.

Kaka, ubeti wa nne ni mrefu na unapanda. Niliuimba wote. Niliusikiliza hadi mwisho, kila mahali unapopanda, nikitafuta kosa, na sikuliona.

Benard